Kifurushi cha Dzifa Agbeko

Mwendesha mashtaka alikuwa amempa Inspekta Kwabena Nsowah mpaka saa kumi alasiri. Saa kumi ikifika bila neno jipya, Dzifa Agbeko, mwandishi wa programu wa Kituo cha Tahadhari ya Mito, angefikishwa mahakamani kwa kusababisha kifo cha Auntie Frema, muuza chakula cha fufuo wa Asuboa. Mto ulimchukua Jumamosi mchana akihamisha masufuria yake. King'ora cha kumwambia aache masufuria akimbie hakikulia.

King'ora kile husubiri namba moja tu, na namba hiyo hutoka kwenye chumba kimoja cha ghorofa ya pili, mtaa wa Asokwa, Kumasi. Ndimo Nsowah alimokuwa amesimama saa tatu asubuhi ya Jumanne, mikono nyuma, kiyoyozi kikimpuliza masikio. Kompyuta kumi na tatu zilipangwa ukutani zikivuma. Hakuwa hodari wa kompyuta; hata simu yake ilikuwa ikipangwa na binti yake. Lakini alikuwa na miaka ishirini na sita kazini, na alikwisha kugundua kwamba asiyejua kitu ana faida yake: huuliza maswali ambayo wajuzi huona haya kuyauliza.

"Hapa hakuna cha kupeleleza, Inspekta," alisema Mkurugenzi Amankrah, mtu mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa mnyororo. "Mto Asuboa ukipita mita sita, king'ora kinalia. Jumamosi saa saba mchana mto ulikuwa mita saba nukta tatu. Kompyuta ikasema mita tano nukta moja. Hesabu ya nani? Ya Dzifa. Jumanne iliyopita nani kabadilisha fomula? Dzifa. Jumatano nani kaomba ruhusa akaondoka zake kwao Kpando? Dzifa. Unataka nini tena, akuachie na picha?"

"Kwa nini afanye hivyo?"

"Alinitisha. Kikaoni, mbele ya watu saba. Alisema siku moja maji yatatusahihishia kazi yetu."

Nsowah aliyaandika yote. Hata yasiyo na maana aliyaandika, kwa sababu mtu akiona anaandikwa huongeza maneno, na mara nyingi nyongeza ndiyo iliyompa Nsowah kesi zake.

Fundi wa mashine, Ekow Sackey, alikuwa amesimama karibu na mlango akipangusa mikono isiyo na uchafu. Alikuwa Mfante wa makamo, mwembamba, mwenye utani wa kila dakika. Kila mashine ilibandikwa jina la Kiakan la siku iliyofika kituoni: Adwoa, Kwaku, Afua, na wengine.

"Nawe upo hapa, mheshimiwa," alisema Ekow akionyesha ya nne. "Kwabena. Mzito kuamka, lakini akishaamka hachoki."

"Basi ni ndugu yangu kweli. Na hii picha?"

Picha ilikuwa imebandikwa mlangoni. Amankrah alikuwa amevaa vazi jeupe la sherehe, chupa ya pombe kali mkononi, na mbele yake kompyuta mpya iliyofungwa utepe mweupe. Chini yake paliandikwa: Alhamisi, tarehe kumi Julai.

"Tulikuwa tunamtoa nje Yaa," alisema Ekow, na uso wake ukachangamka. "Aliletwa Alhamisi ya tarehe tatu. Siku saba anakaa chumba cha ndani peke yake, haunganishwi na waya wa mtu. Tunamwasha, tunamsikiliza feni, tunaangalia kama ameamua kukaa au ni mgeni wa kupita. Siku ya nane anatolewa, anapewa jina, ndipo anaungwa na wenzake."

"Kama mtoto."

"Kama mtoto, mheshimiwa. Mashine ya pili hatukumfanyia hivyo, akafa siku ya tano na data zetu zote. Tangu hapo haturuki hata siku moja."

"Na pombe mnammwagia?"

"Kizingitini! Siyo kwenye umeme. Sisi si wendawazimu. Bosi akamwambia, ukipewa maji useme maji, ukipewa pombe useme pombe."

"Na hesabu ya Asuboa ya Jumamosi aliifanya nani?"

Ekow alipangusa tena mikono. "Yaa," alisema.

"Usiisingizie mashine," alidakia Amankrah. "Mashine hufanya ilichotumwa. Kifurushi kilichotumwa ni cha Dzifa."

Hilo neno kifurushi Nsowah alilipigia mstari mara mbili, akaaga.

*

Dzifa Agbeko aliletwa kutoka mahabusu na Koplo Mansa, askari wa kike mwenye mabega mapana. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, nywele fupi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Nsowah alimsogezea waakye, wali wa maharage, iliyofungwa kwenye jani. Hakuigusa.

"Ninyi Waashanti shida ikija mnakula," alisema. "Sisi tunanyamaza."

"Mtu wa kabila la Ewe akanyamaza? Hilo nitaliandika gazetini. Haya, nieleze kazi yako kama unamweleza shangazi yako."

"Shangazi yangu ni mhandisi."

"Basi kama unamweleza wangu."

Dzifa alicheka kidogo, akavuta kiti. "Tunalinda mito tisa. Kila robo saa, kila mto una hesabu ndefu. Mashine moja ikizifanya zote, jibu litatoka mto umeshapita mlangoni. Kwa hiyo kila hesabu inafungwa kifurushi, inatumwa kwa mashine yoyote isiyo na kazi. Inafungua, inafanya, inarudisha jibu. Mimi sifungi kwa mkono. Niliandika programu inayofunga, nami nikiwa Kpando au nikiwa nimelala inafunga vilevile."

"Ugumu wake uko wapi?"

"Kazi imezaliwa kwenye mashine moja, imezoea vitu vya kwao. Inajua faili liko wapi, saa inasomaje, nani yuko upande wa pili wa laini. Ukiitoa hapo ukaitupa kwenye mashine nyingine, inafika mikono mitupu."

Nsowah aliweka kalamu chini. "Mama yangu alikuwa mshonaji Ash-Town," alisema. "Msimu wa mazishi analetewa nguo nyeusi arobaini, zote zinahitajika Jumamosi. Alikuwa anawagawia wenzake."

"Aliwapelekea nini?"

"Kitambaa kimeshakatwa. Uzi. Vifungo. Vipimo kwenye karatasi."

"Na wakikwama, wanampigia simu?"

"Simu ya nani, miaka ile? Walikuwa Suame, walikuwa Tafo. Kilichokuwemo kwenye bahasha ndicho hichohicho."

"Na siku aliyosahau vifungo?"

"Nguo ilirudi na vifungo vya yule fundi. Vyeupe. Kwenye vazi la msiba."

Dzifa alipiga meza kwa kiganja, akacheka kwa mara ya kwanza kicheko kizima. "Vyeupe! Basi Inspekta umeshaelewa. Kuna watu tumesoma nao, wana digrii, jambo hilo liliwachukua mwaka."

Akavuta jani la waakye bila kujua anafanya nini, akaanza kula na kueleza. Kuna vitu havifungiki, alisema. Laini iliyo wazi kati ya mashine na nguzo ya kipimo kule mtoni haifungiki. Ni sawa na kumtia mtu mazungumzo ya simu kwenye bahasha. Wengine hujaribu, na kifurushi kinafika na laini iliyokufa. Yeye hafungi laini. Anafunga kile ambacho laini imesema: maji yalisoma kiasi gani, saa ngapi, mvua ya juu ilikuwa kiasi gani. Anafunga hatua zote za hesabu, kwa mpangilio, mpaka na namna ya kuandika jibu. Kifurushi kimoja hakizidi ukubwa wa picha ya simu, na unaweza kukipeleka Accra au Tamale kwenye mashine ambayo haijawahi kusikia jina la Asuboa, ikakifungua na kujua la kufanya.

Nsowah alisikiliza, na kalamu ilibaki palepale mezani. Alikuwa amewaona wezi wenye akili na matapeli wenye akili, lakini akili ya namna hii, inayokaa kumfikiria fundi wa mbali asiyekuwa na wa kumuuliza, aliwahi kuiona kwa mtu mmoja tu, na mtu huyo alimzaa yeye. Alimpenda Dzifa hapohapo kwa kazi yake, akakumbuka pia kwamba kupenda kazi ya mshukiwa si ushahidi.

"Kikao," alisema. "Ulimtisha Amankrah."

"Niliomba kazi ya mto wa hatari wapewe mashine mbili. Majibu yakigongana, aitwe binadamu. Akasema nitamchelewesha, mashine hazitoshi. Nikamwambia siku moja maji yatatusahihishia. Ulikuwa mdomo wangu tu, Inspekta. Mdomo wangu nimeambiwa tangu utotoni."

"Na fomula uliyobadilisha?"

"Daraja la Asuboa lilijengwa upya mwezi wa sita, nguzo ya kipimo ikahamishiwa mahali penye kina kidogo. Nguzo ikisoma kitu kilekile, mto sasa ni mwingine. Fomula ya zamani ingetudanganya. Niliibadilisha Jumanne, nikaigawa kwa mashine zote."

"Au uliikosea."

"Au niliikosea," alisema, bila kukunja uso. "Kila kifurushi kinachotoka tunabaki na nakala yake. Kina mhuri: namba ndefu inayotokana na kila kilichomo ndani. Ukigusa nukta moja, mhuri unakuwa mwingine. Cha Jumamosi saa saba kipo. Kifungueni mbele yangu. Kikisema nimemuua yule mama, nimemuua."

Nsowah alitazama saa. Ilikuwa saa tano na robo. "Koplo," alisema, "mlete na huyu garini."

*

Amankrah hakupenda kumwona Dzifa akiingia, na alilisema hilo kwa sauti. Dzifa hakumjibu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti chake, Koplo Mansa akasimama nyuma yake, akapata kifurushi cha Jumamosi kwa muda wa kupiga chafya.

"Kitume kwa zote kumi na tatu," alisema Nsowah. "Moja baada ya nyingine."

Majibu yalianza kurudi kwenye kioo. Adwoa, saba nukta tatu. Kwaku, saba nukta tatu. Afua, saba nukta tatu. Kwabena alichelewa kidogo kama alivyosifiwa, kisha naye akasema saba nukta tatu. Wa mwisho alikuwa Yaa. Saba nukta tatu.

Amankrah akaweka miwani machoni kwa taratibu ya mtu aliyeshinda.

"Umejionea, Inspekta. Leo kifurushi kinasema kweli, Jumamosi kilisema uongo. Amekitengeneza upya. Alirudi Jumapili saa nne asubuhi, mkamkamata saa nane. Saa nne nzima alikuwa na kompyuta yake."

Lilikuwa shauri zito. Nsowah akamgeukia Dzifa. "Mhuri wa Jumamosi, nani mwingine anao?"

"Asuboa. Jibu likienda kule, linakwenda na mhuri. Mashine yao inachapa kwenye karatasi."

Nsowah alipiga simu mwenyewe. Karani wa Asuboa, bibi mmoja mwenye sauti ya kuchoka, alikwenda kutafuta karatasi, akarudi, akaanza kusoma namba mbili mbili. Dzifa alifumba macho. Koplo Mansa ndiye aliyefuata kwenye kioo kwa kidole, na kila zilipolingana alitikisa kichwa. Zilikuwa namba na herufi sitini na nne. Ya mwisho ilipolingana, Koplo alisahau kazi yake akamshika Dzifa bega.

"Kifurushi ni kilekile," alisema Nsowah. "Hakijaguswa. Mwaka mzima mama yangu angetoa bahasha ileile, kitambaa kilekile, vipimo vilevile. Jumamosi fundi mmoja kashona vibaya, leo fundi yuleyule kashona vizuri. Aliyebadilika si bahasha."

"Mashine haibadiliki," alisema Amankrah, lakini alisema polepole.

"Sista Dzifa, nikuulize swali la kijinga. Kuna jambo lolote ambalo hukulitia kwenye bahasha? Jambo uliloandika tu, shona kama kawaida?"

Dzifa alifungua mdomo kukana, kisha akaufunga.

"Fomula ya nguzo," alisema. "Inatumiwa na mito yote tisa, kwa hiyo iko kwenye maktaba, ghala la fomula la kila mashine. Kifurushi hakiibebi. Kinaitaja kwa jina, mashine inaichukua kwake."

"Na kama mashine ina maktaba ya zamani?"

"Itachukua ya zamani. Bila kelele yoyote. Lakini zote niliwapa mpya, Jumanne, saa nne asubuhi."

"Bra Ekow," Nsowah aliita kama anamwita kaka yake, "nichapie tarehe ya maktaba ya kila mashine."

Ekow alichapa haraka kuliko alivyoulizwa. Karatasi ilikuwa safi. Majina kumi na matatu, na mbele ya kila jina: Jumanne, tarehe nane Julai, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi.

"Zote sawa, mheshimiwa," alisema Ekow. "Hata Yaa. Hakuna kosa hapo."

Nsowah aliisoma karatasi kuanzia juu hadi chini, kisha akaisoma tena. Akaenda mlangoni akasimama mbele ya picha. Amankrah aliuliza kama Inspekta anahitaji kupumzika. Ekow alikuwa ameacha utani.

"Picha nzuri," alisema Nsowah. "Vazi limekukaa, Mkurugenzi. Hii ni siku ya nane, siyo?"

"Alhamisi, ndiyo."

"Na hamrukagi hata siku moja."

"Hata moja," alisema Amankrah kwa fahari. "Muulize Ekow. Yeye ndiye aliyetufundisha."

"Namuuliza. Bra Ekow, Jumanne ya tarehe nane, Yaa alikuwa wapi?"

Ekow alionyesha mlango kwa kidole. "Chumba cha ndani."

"Na waya?"

Ekow aliushusha mkono.

"Mtoto hajatolewa nje," alisema Nsowah, na sauti yake ilikuwa ya upole. "Hana jina, hana waya, mlango umefungwa. Dzifa anagawa maktaba kwa wenzake kumi na wawili. Huyu wa ndani kaipokea vipi, tena dakika ileile? Angekuwa ameipokea Alhamisi, ingeandikwa Alhamisi. Hii tarehe ni nzuri mno kwake. Si yake. Ni ya nani?"

Ekow aliketi kwenye kreti tupu iliyoletea mashine. Alipangusa mikono kwa muda mrefu.

"Ya Kwabena," alisema mwishowe. "Nilinakili kutoka kwa Kwabena. Sikujua kwamba tarehe inakuja nayo."

"Lini?"

"Jumamosi jioni. Habari za Asuboa nilizisikia redioni, nikaja mbio. Nikaona aliyejibu ni Yaa, nikajua papo hapo. Maktaba nilimwekea siku anafika, tarehe tatu. Tulipomtoa nje nilitakiwa kuangalia kama kuna mpya. Tulikuwa tunapiga picha. Bosi anataka picha iende wizarani siku ileile, na Yaa apewe Asuboa kwa sababu ndiye mwenye nguvu kuliko wote. Nikasahau."

"Umeacha wanikamate," alisema Dzifa. Hakupaza sauti, na Ekow alijikunja kama amepigwa.

"Sista, wallahi nilidhani ukirudi tutaeleza pamoja. Ukakamatwa kabla sijakuona. Jana asubuhi nilikuja mpaka getini kwa polisi. Nikaona nimeshalala siku mbili na neno hili, nikirudi nalo wataniuliza lilikuwa wapi. Nikageuka."

Amankrah alianza kusema kwamba haya yote ni hadithi, kwamba fundi anamtetea mwenzake. Nsowah alimwinulia mkono.

"Hadithi tutaipima. Sista Dzifa, ile maktaba ya zamani unayo?"

"Ninazo zote, tangu ya kwanza."

"Mrudishie Yaa ya tarehe tatu. Umtumie kifurushi kilekile."

Na hapo ndipo Nsowah aliposhuhudia kitu ambacho aliendelea kukisimulia kwa miaka, hata kwa watu wasiotaka kukisikia. Katika kazi yake kosa likishatendeka limetendeka. Unabaki na damu iliyokauka na mashahidi wanaogombana. Huyu mwanamke aliirudisha Jumamosi mezani. Mvua ileile, saa ileile, maji yaleyale kwenye nguzo ileile, vyote vilikuwa vimekaa ndani ya kifurushi vikisubiri kuulizwa. Dzifa alibonyeza. Feni ya Yaa iliongeza mwendo, ikashuka. Kioo kikaandika: tano nukta moja.

Koplo Mansa alijipangusa uso kwa mkono wa shati. Amankrah alivua miwani, akaiacha ianguke kifuani, akaiangalia picha yake mlangoni kwa namna ya mtu anayetamani iwe ya mwingine.

*

Saa tisa walikuwa kituo cha polisi. Ekow alikuwa chumba cha pili akiandikisha maelezo yake mbele ya sajini, na sauti yake ilisikika ukutani, tulivu, ya mtu aliyetua mzigo. Nsowah aliandika maelezo ya Dzifa mwenyewe, kwa mwandiko wake mkubwa wa shule ya misheni, kisha akamsogezea.

"Soma. Utie sahihi uende nyumbani."

Alisoma yote kurasa tatu. Akamrudishia bila sahihi.

"Kuna kitu kimepungua."

"Nini?"

"Mimi. Andika: fomula ya nguzo nilipaswa kuifunga ndani ya kifurushi. Iliwezekana. Ingeongeza uzito kidogo tu. Sikuifunga, kwa sababu niliona ni usumbufu, na nikaamini kila mashine itakuwa nayo. Bra Ekow alisahau mashine moja. Lakini kifurushi kizuri hakitegemei mtu asisahau. Ndiyo maana ya kukifunga."

Nsowah aliweka kalamu juu ya karatasi, hakuandika. "Hilo hukuulizwa."

"Najua."

"Sikiliza, Sista. Nina dakika ishirini na tano. Haya yaliyomo yanatosha, yanakutoa bila doa. Ukiongeza hayo, Amankrah atayabeba kwa mikono miwili. Atasema, si mnaona, amekiri mwenyewe. Kazi utapoteza kabla jua halijazama. Na mwendesha mashtaka naye anaweza kuona uzembe, akakurudisha ndani."

"Auntie Frema hakusikia king'ora," alisema Dzifa. Macho yalimjaa maji, na hakuyapangusa. "Wataweka mtu mwingine mahali pangu. Atafungua faili la kesi hii ajue kilichotokea, atakuta kosa ni la fundi. Ataacha kifurushi kama kilivyo. Wewe andika, Inspekta."

Nsowah alitaka kubishana naye zaidi, na alikuwa na hoja tatu nzuri. Badala yake aliinamisha kichwa akaandika, neno kwa neno, polepole, akimwuliza pale alipohitaji kuhakikisha. Dzifa alisoma, akasahihisha neno moja, akatia sahihi.

Saa kumi kasoro dakika tano alimpigia mwendesha mashtaka. Alimsomea kurasa tatu, akamsomea na nyongeza. Upande wa pili kilisikika kiti kikilia.

"Hiyo sehemu ya mwisho," alisema mwendesha mashtaka, "ulimbana ndipo akasema?"

"Nilimkataza."

"Mimi simshtaki mtu kwa hilo, Nsowah. Lakini nina miaka kumi na tisa mahakamani. Mtu ameshaachiwa, mlango uko wazi. Kwa nini aseme?"

Nsowah aliangalia kupitia dirisha dogo la mlango. Dzifa alikuwa ameketi kwenye benchi la nje, amelala usingizi akiwa wima, kichwa chake kwenye bega la Koplo Mansa, na Koplo hakuthubutu kujisogeza.

"Kwa sababu ndivyo ilivyokuwa," alisema.